Bonde la Kabaw Juu ya Meza

Ufundi wa kujenga vita katika umbo dogo hudhaniwa kuwa mchezo wa watoto mpaka mtu auone ukifanywa na mtu mzima aliyevaa miwani, mwenye kibano mkononi na pumzi iliyozuiwa kifuani. Ulaya, Marekani na Japani ufundi huo una vyama vyake, mashindano yake na maduka yake. Kazi yenyewe huitwa diorama. Jina hilo lilienea kutoka Paris, ambako mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua nyumba ya maonyesho ya turubai kubwa zilizopakwa rangi na kumulikwa kwa hila, hata mtazamaji akadhani kuwa jua lachwa mbele yake. Siku hizi neno hilo lina maana nyingine pia: mandhari ndogo iliyojengwa juu ya ubao, yenye udongo wake, miti yake na watu wake, ishikayo dakika moja ya jambo fulani na kuizuia isipite.

Mzee mmoja wa Tanga, ambaye kazi yake ndiyo sababu ya maneno haya, huiita diorama yake "ubao" tu. Mkewe huiita "vita vyako", kama aulizapo, "Vita vyako vitaondoka lini juu ya meza ya chakula?" Mzee huyo amepita miaka sabini. Kabla ya kustaafu alikuwa mchoraji wa ramani za viwanja, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuyapunguza mashamba ya watu mpaka yakaenea katika karatasi. Kwa hiyo mjukuu wake aliyekuwa akisoma ng'ambo alipomletea zawadi ya sanduku la askari wa plastiki, wale wa kuungwa kwa gundi kiungo kwa kiungo, hakushangazwa na udogo wao. Alichukua rula akawapima, kisha akasema kwamba hesabu imetimia.

Kipimo chao ni 1 kwa 35. Mtu mwenye urefu wa sentimita 175 hupunguka akawa wa sentimita 5. Kipimo hicho kilienezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa mfano wa kifaru cha Kijerumani cha Panther kilichokwenda kwa mota ndogo. Ukubwa wake ulikadiriwa ili mota na betri zipate nafasi tumboni mwake, na hesabu ilipofanywa baadaye ikaonekana kuwa ni 1 kwa 35. Watengenezaji wengine wakafuata. Inafurahisha kidogo kufikiri kwamba vita vingi vya mezani duniani vimepimwa kwa ukubwa wa betri.

Katika sanduku lile walikuwamo askari wa Kiingereza wa vita vya mwituni. Mzee aliwatazama usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, kabla hajakata hata mkono mmoja kutoka katika kiunzi chake cha plastiki. Alikuwa akimtafuta baba yake.

Baba yake alikuwa askari wa Keya, jina ambalo watu wa zamani walilipa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Mwaka 1943 iliundwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa chaitwa Sri Lanka, na mwaka 1944 ikavushwa kwenda kupigana na Wajapani. Ndani yake walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Kikosi cha 26 na cha 36 vilikuwa vya Tanganyika. Wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kuvunjwa nguvu huko Imphal na Kohima, upande wa Bara Hindi, nao walikuwa wakirudi nyuma. Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafuata kutoka Tamu na kuteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa za pepo za kusi, majira ambayo kwa desturi majeshi ya nchi zile yalikuwa yakipumzika.

Njia yote ilikuwa tope. Magogo yalilazwa ili magari yapate kupita, na yaliposhindwa kupita chakula kiliangushwa na ndege za Dakota kwa miavuli. Bonde lilijaa malaria na homa iletwayo na utitiri wa nyasini, na askari walimezeshwa kila siku vidonge vya mepakrini, dawa iliyoweza kugeuza ngozi ya mtu kuwa ya manjano. Mwezi wa Novemba waliingia Kalemyo. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa kando ya mto Chindwin, na katika mwezi huo huo mto ukatandazwa daraja la Bailey lenye urefu wa futi 1,154. Juu yake yakapita majeshi ya Jenerali Slim kwenda kuikomboa Burma ya kati.

Jeshi hilo la Slim, la 14, lilijiita lenyewe jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa macho ya magazeti ya Uingereza yalikuwa yameelekea Ulaya. Ikiwa jeshi zima lilisahauliwa, si vigumu kukisia fungu la Mtanganyika aliyekuwa ndani yake. Huko Taukkyan, karibu na mji wa Yangon, pana makaburi ya vita zaidi ya 6,000, na nguzo za mawe zenye majina karibu 27,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Katika nyumba ya Tanga, vita hivyo vilibaki katika vitu viwili: nishani ya nyota ya Burma, yenye pembe sita, iliyotundikwa msumarini, na tabia ya baba ya kuondoka barazani kila mvua ilipoanza kulia juu ya bati. Picha ya baba katika mavazi ya kijeshi haikuwapo hata moja.

Hivyo shida ya kwanza ilikuwa nyuso. Aliyewachonga askari wale wa sandukuni alikuwa akimfikiria Mzungu, na pua, midomo na mifupa ya mashavu vilikuwa vya Kizungu. Seti ya rangi ilikuwa na chupa moja ya ngozi, nayo ilikuwa ya waridi. Chupa ya kahawia ilikusudiwa viatu, mikanda na vitako vya bunduki. Mzee alijaribu kumpaka askari mmoja rangi ya vitako vya bunduki. Akatokea Mwingereza aliyepakwa masizi. Akamwosha kwa spiriti, akaanza upya. Kwa kijiti cha meno na udongo wa gundi ambao hugeuka mgumu baada ya saa chache, akazijaza pua, akaijaza midomo, akashusha vipaji vya nyuso. Kichwa kizima kilikuwa kidogo mno, na alipokohoa aliharibu kazi ya jioni mbili.

Alipomaliza watu wanne aliwapanga dirishani asubuhi penye nuru njema, akaona kosa jingine: wote wanne walikuwa mtu mmoja. Alikuwa amechanganya rangi mara moja na kuitumia kwa wote, kama afanyavyo mpaka rangi wa nyumba. Kikosi cha Tanganyika hakikuwa hivyo. Mlikuwa na Mnyamwezi, Mhehe, Mngoni, Myao na Mzigua, na rangi zao zilipishana kama zipishanavyo leo katika foleni yoyote ya watu wanaongoja basi. Mzee akachanganya mara nne. Mmoja alipata wekundu kidogo chini ya weusi wake; wa pili alipata weusi wenye buluu kwa mbali; wa tatu akawa maji ya kunde; wa nne alirudiwa rangi mara sita na hakutulia mpaka mzee alipoacha kumtazama yeye akautazama mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua mwezi mzima. Hapana shaka ndiyo kazi bora kupita zote zilizo ubaoni, ingawa watazamaji wengi huipita mbio ili wakatazame bunduki.

Alama ya divisheni, iliyovaliwa mkononi karibu na bega, ilikuwa kichwa cha kifaru. Mtoto mmoja wa jirani, aliposikia kwamba juu ya ubao mna kifaru, alikuja mbio akakitafuta nyuma ya kila kichaka, naye alitarajia minyororo na mzinga. Alipoonyeshwa doa la rangi lisilofika milimita mbili hakuridhika, akaondoka akiamini kwamba amedanganywa. Kosa si lake. Kiswahili kimempa mnyama na gari la chuma jina moja, na watoto wa siku hizi wamewaona zaidi wa chuma.

Baada ya watu ulifuata mwitu, na hapa ndipo kipimo kilipoanza kumwonyesha mzee ukali wake. Ubao una sentimita 60 kwa 40. Kwa hesabu ya 1 kwa 35 hicho ni kiwanja cha mita 21 kwa 14, ambacho mjini hakitoshi nyumba na bustani. Bonde la Kabaw lilikuwa na misaji mingi, na msaji wa mita 30 hudai sentimita 86 juu ya meza. Mzee aijua miti hiyo, kwa maana kuna shamba lake la serikali huko Longuza, wilaya ya Muheza, ambako zamani alitumwa kupima mipaka. Alijua pia kwamba jani la msaji laweza kufika nusu mita, kwa hiyo jani lake la mezani lisingepungua sana sentimita moja na nusu, tena lenye mishipa. Akakata shina sita za mti mkavu, akaziishia katika urefu wa sentimita 45, akasema kwamba vilele vyake vimo mawinguni. Mwitu wake hauna mbingu. Hilo si kosa kubwa, kwani askari aliyetembea chini ya misaji hakuona mbingu pia.

Maduka ya ng'ambo huuza majani madogo ya shaba, membamba kama karatasi, yaliyokatwa tayari. Bei yake ilimfanya mzee acheke. Badala yake alikwenda jikoni. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, yakianikwa juani siku mbili, hugeuka zulia la majani yaliyooza, na mtengenezaji yeyote wa diorama wa Chicago au Osaka angekubali kwamba hakuna zulia bora. Mianzi aliipata katika fagio la chelewa. Uti wa ukuti wenye unene wa milimita 3 ni muanzi wa sentimita kumi na kidogo, na ukizungushiwa uzi mwembamba uliolowekwa gundi kila baada ya kipande, ukapakwa kijani cha manjano, jicho halitaki ushahidi mwingine. Mkewe alinunua fagio jipya mara mbili mwaka ule.

Nyasi ndefu, zile zimfikiazo mtu mabegani, alizifanya kwa katani. Hapa mzee hakuwa na haja ya kutafuta: mtu wa Tanga hana shida ya katani. Aliinyoosha, akaichana kwa kitana, akaitia rangi, akaipanda kishungi kwa kishungi katika mashimo aliyotoboa kwa sindano ya moto. Alipokuwa akiipanda alikumbuka jambo ambalo huenda msomaji kijana hajapata kulisikia. Wajapani walipoitwaa Ufilipino mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walikosa kamba za manila za kufungia merikebu zao, na katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita. Watu walishikwa kwa amri ya serikali wakapelekwa mashambani kuikata. Kwa hiyo wakati baba alipokuwa Kabaw, huku nyumbani watu wasiovaa kofia za askari walikuwa nao wakivitumikia vita vile vile, kwa panga, juani, na nishani hawakupewa. Mzee hakupata namna ya kuwaweka ubaoni. Aliwaweka kama nyasi.

Mvua haitengenezeki. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ndilo lililomshinda kwa muda mrefu kupita mengine. Wako waliojaribu kuifanya kwa nyuzi za plastiki zilizoshushwa kutoka juu, na matokeo yake ni askari waliosimama ndani ya pazia la shanga. Mzee aliijaribu njia hiyo jioni moja tu. Alichojifunza ni kwamba mvua inapokuwa haionekani ikianguka, yaonekana mahali ilipokwisha kuanguka. Ukingo wa kofia hulegea ukashuka upande mmoja. Shati hushikamana na mgongo na kuwa na rangi mbili, ya mabegani iliyokoza na ya kiunoni iliyopauka. Jani hung'aa juu, na chini halina mng'ao. Tope hushika alama ya kiatu, na alama hiyo hujaa maji kabla mguu wa pili haujafika. Alifanya tope kwa plasta, gundi na mchanga uliochekechwa kwa kitambaa cha chandarua, akalipaka vanishi ya kung'aa mara tatu. Rangi yake hakuichukua katika udongo mwekundu wa uani kwake. Baba alikuwa amesema kwamba tope la kule lilikuwa kama chai ya maziwa iliyosahauliwa katika kikombe, na mzee aliweka kikombe cha namna hiyo karibu na ubao siku nne, mpaka mkewe alipokimwaga.

Ubao ulipokaribia kwisha, ulikuwa mbaya kwa namna ya ajabu. Kila kitu kilikuwa sahihi, wala hapana aliyeweza kuona kitu. Mianzi iliwafunika watu, misaji iliifunika mianzi, na mtazamaji aliyeinama alitoka na majani ya chai puani. Mwitu wa kweli kazi yake ni kuficha. Diorama kazi yake ni kuonyesha. Mjukuu, aliyekuwa amerudi likizoni, alishauri mambo mawili. La kwanza, mianzi ya mbele ipunguzwe pawe kama dirisha. Mzee alikubali, akang'oa mianzi kumi na mmoja kwa masikitiko. La pili, Wajapani watiwe nyuma ya kichaka cha kushoto, bunduki zao zikiwaelekea askari wa Keya wasiojua kitu. Kwani bila adui, alisema kijana, watu watauliza hadithi iko wapi.

Wajapani walikuwapo. Sanduku la pili, lililotoka Japani kwenyewe, lilikuwa na wanne, na mzee alikuwa amekwisha kuwapaka rangi kwa uangalifu ule ule aliowafanyia watu wa nyumbani. Lakini baba yake alikuwa amemwambia kwamba katika mvua zile hakuona Mjapani hai hata mmoja. Aliona maiti. Aliwaona kando ya njia na ndani ya vibanda karibu na Tamu, wembamba, wengine hawana viatu, wameshika vyungu vitupu. Habari za vita zinakubaliana naye: katika mapigano ya Imphal na Kohima na marudio yake, majeshi ya Japani yalipoteza watu zaidi ya 50,000 kwa kufa, majeraha na maradhi, na njaa iliwamaliza wengi kuliko risasi. Wale waliokuwa hai walikuwa sauti tu: mlio mmoja mbele, kisha kimya, kisha mvua.

Kumwongeza au kumwondoa mtu katika vita vya mezani si jambo jepesi kama lionekanavyo. William Siborne, ofisa wa Kiingereza, alikaa miezi minane katika uwanja wa Waterloo akipima kila tuta, kisha akajenga mfano mkubwa wa vita hivyo ulioonyeshwa London mwaka 1838. Kila mtu alisifu kazi yake. Shida ilikuwa Waprusi. Siborne aliwaweka mahali ambapo uchunguzi wake ulimwonyesha kuwa walikuwapo saa ya ushindi, na jambo hilo halikumpendeza Wellington, kwani lilionyesha kuwa ushindi ulikuwa na wazazi wawili. Mwishowe Siborne alikubali kuwapunguza Waprusi. Mfano wake upo hadi leo katika jumba la makumbusho ya jeshi mjini London, nao wapendeza sana. Mtu huutazama akajiuliza ni wangapi waliotoka mezani bila kufa.

Kwa upande mwingine, sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya vita vya kwanza imeelekeza singe yake mbele, na mbele yake hapana adui ila magari. Haielekei kwamba mpita njia amepata kulalamika kuwa adui amekosekana. Mzee aliwatia Wajapani wake katika kijisanduku chenye pamba, akakifungia katika mtoto wa meza. Kuwatupa hakuweza.

Ikabaki kuchagua dakika. Diorama haina jana wala kesho, na mwenye kuijenga sharti aseme saa ngapi.

Mwaka 1991, miezi michache kabla ya kufa, baba alimweleza mwanawe jambo ambalo kwa miaka 47 hakuwa amemwambia mtu. Siku moja ya mvua, katika bonde lile, zamu ya kutangulia mbele ya doria ilikuwa yake. Wa pili alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, waliyeandikishwa naye siku moja, wakapanda naye meli moja. Baba alihisi kitu kikimnyonya juu ya kifundo cha mguu. Akatoka kando ya njia, akainama, akaona ruba. Askari walikatazwa kulivuta ruba, kwa kuwa kidonda chake huoza. Waliliunguza kwa sigara au kulitia chumvi, na baba alikuwa na chumvi katika kijaluba. Mwenzake akampita, akamgusa bega, akasema kwa sauti ya chini, "Shughulika na mgeni wako, mimi natangulia." Baba akacheka. Chumvi ilikuwa imelowa, ikawa haimwagiki. Alipokuwa akiichokoa kwa ukucha, bunduki ililia mara moja.

Walimzika pembeni mwa njia, wakaendelea. Habari za kifo zilifika kijijini kwa njia ya serikali, na baba aliporudi mwaka 1946 alikwenda kuhani. Wazee wa marehemu wakamwuliza mtoto wao alikufaje. Akasema alikufa akiwatangulia wenzake. Neno hilo lilikuwa kweli, na familia ile imeishi nalo kwa fahari tangu siku hiyo. Habari ya ruba hakuisema. Hakimu yeyote angemwachilia baba kabla hajamaliza kusimulia, kwani zamu hupishana na ruba hana hila. Lakini hapakuwa na hakimu, palikuwa na mvua juu ya bati kila mwaka.

Mzee alichagua dakika ya kupishana. Mlio wa bunduki hauko bado. Kipande cha njia kinapinda kulia na kupotea penye mianzi. Askari mmoja yuko kando, ameinama, mkono mmoja juu ya paja. Wa pili ampita, na vidole vyake vimegusa bega la aliyeinama. Wawili wengine wanakuja nyuma. Kwa kweli askari wa doria waliachana hatua tano au zaidi, na hatua tano ni sentimita 11 za ubaoni, kwa hiyo wa nne yu nusu mtu, akitokeza katika ukingo kana kwamba ubao ulikatwa mapema. Askari wa kuinama hakuwamo sandukuni. Miguu yake ilitoka kwa mpiga kombora, kiwiliwili kwa mtu aliyekuwa akifungua kreti, mkono ni waya. Uso wake ni ule uliorudiwa mara sita.

Ruba naye yumo. Kwa 1 kwa 35, ruba la sentimita tatu halifiki milimita moja. Mzee alilifanya kwa brashi aliyoinyonyoa akaiacha na unywele mmoja, tone moja jeusi, na juu yake tone la vanishi. Bila kioo cha kukuzia hapana jicho liwezalo kuliona, na waliokuja kutazama hawakujua kwamba lipo. Walipouliza kwa nini askari yule ameinama, mzee aliwajibu kwamba anafunga kamba za kiatu.

Mwezi mmoja baada ya ubao kwisha, alifika mgeni kuleta mwaliko wa arusi. Alikuwa binti wa mdogo wake marehemu, mwanamke wa miaka sitini hivi, na watu wa nyumba hizo mbili huitana ndugu tangu zamani. Alisalimu, "Shikamoo, kaka," akaitikiwa marahaba, akakaribishwa chai. Lakini chai haikuwa na pa kutuliwa, maana meza ilikuwa imekaliwa na bonde la Kabaw.

"Ndiko huko Burma?" akauliza.

"Ndiko, dada."

Akazunguka meza polepole, mtandio wake ameushika kifuani usije ukakwaruza mianzi. "Na vita viko wapi?"

"Mbele kidogo. Pale njia inapopinda."

"Baba alikuwa akisema kwamba marehemu ndiye aliyewatangulia." Akamwonyesha kwa kidole, bila kugusa, yule anayepita. "Huyu basi ndiye yeye."

"Ndiye."

"Na huyu anayempisha?"

"Baba yangu."

Mwanamke akatabasamu kwa namna atabasamuvyo mtu aliyekutana na jamaa safarini. Kisha akainama zaidi, akakunja uso. "Mbona ameinama hivi, kaka? Alikuwa mgonjwa?"

Mke wa mzee, aliyekuwa mlangoni na sinia, alijua jibu ambalo wageni wote hupewa. Mzee hakulitoa. Alifungua mtoto wa meza, akasogeza kando kijisanduku chenye pamba, akachukua kioo cha kukuzia, akakipangusa kwa pindo la shati, akampa. Mwanamke alikishika juu ya ubao, akakisogeza juu na chini mpaka kikatulia. Alitazama muda mrefu.

"Kuna kitu mguuni mwake," alisema.

"Ruba," alijibu mzee, akamvutia kiti.